Flaiwili iitwe flaiwili

Pleti mpya ya klachi huja na maandishi madogo upande mmoja, yamegongwa kwenye chuma au kuchapwa kwa wino. Ni ya Kiingereza, na ujumbe wake ni mmoja: upande huu uelekee kwenye flaiwili. Fundi asiyelijua neno hilo, awe Kayanga wilayani Karagwe au Nkwenda wilayani Kyerwa, atakisia. Akikosea, kitovu cha pleti na springi zake vitagonga boliti za flaiwili, klachi haitaachia sawasawa, na giaboksi iliyopandishwa kwa jasho itabidi ishushwe tena. Ninayemwandikia makala haya ni huyo aliyelala chini ya gari.

Klachi yenyewe haina mgogoro. Hukaa kati ya injini na giaboksi, ikafikisha nguvu ya injini kwenye gia na kuikata dereva anapotaka kubadili gia au kusimama. Neno limetoka Kiingereza, ambako asili yake ni kukamata kwa nguvu, na Kiswahili kimeshalimeza na kulipa ngeli: klachi imeisha, klachi zimeisha. Wapo wanaotamka kilachi, lakini hata hao sijawasikia wakisema vilachi. Misemo nayo imezaliwa. Klachi inateleza, yaani injini inalia huku gari haliongezi mwendo. Klachi inanuka. Klachi imeungua.

Jambo moja humchanganya mwanafunzi. Klachi isiyoguswa ndiyo inayoshika. Ukikanyaga pedeli, beringi husukuma vidole vya springi ya presha pleti, bamba linaloibana pleti, nayo ikailegeza, na injini ikabaki inazunguka peke yake. Kukanyaga klachi ni kutenganisha. Mwalimu wa udereva akilisema hilo siku ya kwanza, ataokoa pleti nyingi.

Sasa flaiwili. Ni sahani nzito, kwa kawaida ya chuma cha kusubu, iliyofungwa kwa boliti kwenye mwisho wa kranki shafti. Injini ya silinda nne yenye mipigo minne huwaka mara moja kila nusu mzunguko, na katikati ya mwako mmoja na mwingine uzito wa sahani hiyo ndio unaoendeleza mzunguko. Pasipo flaiwili injini ingetetemeka na kuzima kila unapoachia mafuta. Ukingoni ina meno, na hayo ndiyo stata inayoyadaka unapowasha gari. Uso wake umelainishwa, kwa sababu pleti ya klachi hubanwa hapo, kati yake na presha pleti. Kwa hiyo flaiwili ni sehemu ya injini na wakati huohuo ni nusu ya klachi. Huku kuwa pande mbili ndiko kunakoifanya isahauliwe.

Waundaji wa istilahi wangependa neno la Kiswahili kitupu, kwa mfano gurudumu tegemeo. Nimelipima na silikubali. Kwa dereva wa Omurushaka gurudumu ni lile linalokanyaga barabara, na ukimwambia la kutegemewa ni lipi, atakuonesha spea. Neno linalompeleka mtu nyuma ya gari wakati tatizo liko nyuma ya injini halimsaidii. Isitoshe, mkopo haujawahi kuidhuru lugha hii: parafujo tuliipata kwa Wareno, na leo ipo kwenye kamusi bila mtu kuishangaa, ingawa gerejini wengi husema skrubu. Rajmund Ohly alipotoa kamusi yake ya awali ya ufundi ya Kiingereza na Kiswahili mwaka 1987, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikuwa anajibu haja ya kweli, na BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa mwaka 1967, inayo mamlaka ya kusanifu. Ombi langu kwa waundaji wa istilahi kuhusu chuma hiki ni dogo: waandike flaiwili, kisha nguvu zao waziweke kwenye fasili. Jina hilo ndilo lililogongwa kwenye pleti, na fundi akilisoma atalitambua kwa sauti.

Karagwe na Kyerwa, wilaya zilizokuwa moja hadi mwaka 2012, zina sababu ya kulijali neno hili. Barabara ya Omurushaka kwenda Murongo, mpakani na Uganda, inapita nchi ya vilima. Fuso iliyosheheni kahawa ya maganda ikisimama mlimani nyuma ya nyingine, dereva mvivu wa breki ya mkono huizuia isirudi nyuma kwa klachi iliyokanyagwa nusu. Pleti inasugua, joto linapanda, na joto hilo linaingia kwenye flaiwili. Ukiifungua unaliona kwa macho: madoa ya bluu yaliyotapakaa usoni, na mara nyingine nyufa nyembamba kama unywele. Pleti mpya ikifungwa juu ya uso wa namna hiyo, gari hutetema kila unapoachia klachi, na mpya nayo huisha mapema. Dukani pleti, presha pleti na beringi huuzwa kwa seti. Flaiwili mara nyingi haimo, na kisichotajwa hakikaguliwi.

Anayebadilisha klachi nyumbani kwake na afanye kwa utaratibu. Waya hasi wa betri uondolewe kwanza. Gari likalie stendi imara, kamwe lisiachwe juu ya jeki peke yake, na giaboksi ishushwe na watu wawili au zaidi, kwa maana uzito wake ni wa kuvunja mbavu. Vumbi la pleti kuukuu lisipulizwe, kwani za zamani huweza kuwa na asbesto. Lifutwe kwa kitambaa kibichi. Flaiwili itiwe alama kabla ya kufunguliwa ili irudi ilivyokuwa. Oili sili iliyo nyuma yake ikaguliwe, maana oili ikivujia pleti, gharama yote imepotea. Uso ulioharibika kidogo hukerezwa kwa mashine, ila wenye nyufa za kina ubadilishwe. Flaiwili za vipande viwili zenye springi ndani, zilizomo kwenye baadhi ya magari mapya ya dizeli, kwa kawaida hazikerezwi. Kabla presha pleti haijakazwa, pleti iwekwe katikati kwa kifaa chake, au kwa shafti ya giaboksi kuukuu ya aina hiyohiyo. Boliti zikazwe kwa kukingamana, hatua kwa hatua, kwa spana ya kupima nguvu na kwa kipimo cha kitabu cha gari hilo.

Walimu wa ufundi wa magari, waandikieni wanafunzi wenu neno hili ubaoni pamoja na kazi zake: kuendeleza mzunguko, kudakwa na stata, kubanwa na klachi. Na wewe mwenye gari, ukiambiwa klachi imeisha, usikubali giaboksi ipandishwe kabla fundi hajakuonesha uso wa flaiwili.