Herufi za Kigiriki kifuani: si kila anayevaa ni wa sororiti

Umeshaziona video zao kwenye simu: wanafunzi wa vyuo vya Marekani, fulana zinafanana, herufi kubwa za Kigiriki kifuani, vidole vimekunjwa kwa ishara fulani. Wengi tunajua hao ni sororiti tu, vyama vya wasichana vya urafiki na karamu. Kumbe huenda ni wapiga tarumbeta. Au wanafunzi wa biashara.

Delta Sigma Pi, kwa mfano, ni chama cha watu wa biashara kilichoanzia New York University mwaka 1907. Kappa Kappa Psi (1919, Oklahoma) ni cha wanabendi. Alpha Phi Omega, kilichozaliwa Lafayette College mwaka 1925, ni cha kujitolea kwa jamii na mizizi yake ni skauti.

Kazi ni tofauti, lakini mambo ni yale yale. Mwanachama mpya hupewa kaka au dada mkubwa wa kumlea, na katika matawi mengi hafahamu ni nani. Anapokea zawadi tu mpaka siku ya kufichuliwa, halafu hapo vilio na picha! Kisha kila mmoja anashonewa herufi zake kwenye sweta.

Kuna wanaokwenda mbali zaidi na kuvaa jaketi lenye jina la utani na namba ya nafasi yao kwenye mstari wa walioingia pamoja. Mtindo huo ni wa vyama vya Wamarekani Weusi, kama Alpha Kappa Alpha ya mwaka 1908, ambayo Kamala Harris alijiunga nayo akiwa Howard. Hapo ndipo maneno huanza. Kwa wanachama wa vyama hivyo herufi na jaketi ni vitu vya kuhangaikiwa, na wapo wasiofurahi kuviona kwa mtu wa klabu ya masomo.

Ingawa ukisema nani kamuiga nani, historia inachekesha. Chama cha kwanza cha herufi za Kigiriki, Phi Beta Kappa, kilianza Desemba 5, 1776 huko Virginia kikiwa cha mijadala ya kisomi, na tayari kilikuwa na siri na salamu yake ya mkono. Sororiti zilikuja karne iliyofuata.

Utazitofautishaje? Angalia kama kuna wavulana. Sheria ya Title IX ya mwaka 1972 ilikataza ubaguzi wa jinsia vyuoni, na mwaka 1974 Bunge la Marekani likavipa msamaha vyama vya kijamii. Vya taaluma havikupata, vikalazimika kufungua milango. Usitegemee jina: Tau Beta Sigma inajiita sororiti mpaka leo, lakini ni ya bendi na wavulana wanaingia.

Kama unaenda kusoma huko, uliza mapema ada ni kiasi gani na wanachama wapya wanafanyishwa nini. Kuteswa kwa wageni hakupo kwenye sororiti na fraterniti peke yake. Sheria iliyosainiwa Desemba 2024 inavitaka vyuo vitangaze hadharani vyama vilivyokutwa na hatia hiyo, viwe vya karamu, vya bendi au vya kujitolea, kwa hiyo jina la kundi unaweza kulitafuta kwenye tovuti ya chuo kabla hujalipa.