Mkuki Mfupi, Singe na Panga: Chaguo la Silaha za Makali katika Nchi ya Ruvuma

Lituhi ni mji mdogo ulio ufukoni mwa Ziwa Nyasa, karibu na mahali mto Ruhuhu umwagapo maji yake. Kaskazini ya mto huo ipo milima wakaako Wapangwa, watu waliosifika zamani kwa kuyeyusha na kufua chuma. Basi wenyeji wa pande hizo hawakungoja mgeni awafundishe thamani ya makali. Na historia yao yaonyesha kwamba silaha haichaguliwi kwa uzuri wake, bali kwa kazi itakiwayo kufanywa.

Wangoni walipoingia nchi ya Songea, katikati ya karne ya 19, walikuja na desturi ya vita iliyotoka kusini: mkuki mfupi wa kuchomea, pamoja na ngao ya ngozi ya ng'ombe. Atupaye mkuki hubaki mikono mitupu. Aushikaye hana budi kumkaribia adui. Silaha hiyo ilidai nidhamu ya kikosi kizima, na kwa nidhamu hiyo Wangoni waliwashinda wengi, hata Wamatengo wakajificha milimani. Lakini katika Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, adui hakukaribika tena, kwa kuwa bunduki za Wadachi ziliua kutoka mbali. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi wa Wangoni walinyongwa Songea.

Askari wa serikali alichukua singe, neno lililotoka Bara Hindi. Singe ni kisu cha kufungwa mdomoni mwa bunduki: humfaa achomaye, wala haimfai sana akataye kuni. Upungufu huo ulidhihirika mwaka 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipopita bonde la Kabaw, nchi ya Burma. Huko mwitu, mvua na matope vilikuwa adui wa kila siku, na panga la mkulima likapata cheo: lilifyeka njia, likakata mianzi na miti ya vibanda, na lilipohitajiwa likapigana. Waingereza nao wakaliazima neno lenyewe.

Lugha yatoa ushahidi wake. Upanga ni silaha ya shujaa, nao watajwa katika tenzi. Panga, ambalo kwa umbo ni ukubwa wa neno lilo hilo, limekuwa chombo cha shamba. Mkuki mfupi na singe vilimngoja adui ili vipate kazi. Panga halikumngoja mtu. Ndiyo sababu, vita vilipokwisha, lilirudi kondeni bila kubadilishwa jina wala umbo.