Butura ya Karagwe na Kyerwa: Hukmu Yake na Namna ya Kujiandaa kwa Miezi ya Dhiki

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na Rehma na Amani zimfikie Mtume Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam), ahli zake na Maswahaba zake.

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, zao kuu la biashara ni kahawa, aghlabu robusta. Tangu kuchanua mpaka tunda kuiva hupita takriban miezi 9 hadi 11. Ndani ya miezi hiyo kuna ada za shule, maradhi na mazishi. Mkulima asiye na akiba huiuza kahawa ingali ua au tunda bichi, kwa bei ya chini mno kuliko ya msimu. Biashara hii huitwa butura. Serikali imeipiga marufuku, lakini dhiki huirudisha.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba, jambo hili si geni kwetu. Anayeuza karafuu zake zikingali changa mtini amesimama pale pale aliposimama mkulima wa Kyerwa.

Hukmu yake

Imethibiti katika Al-Bukhaariy na Muslim kuwa Mtume amekataza kuuza matunda kabla ya kudhihiri kukomaa kwake, na amewakataza muuzaji na mnunuzi wote wawili. Hikma yake ni wazi: zao likiharibika, mmoja atakuwa amekula mali ya mwenzake bila ya haki. Na ikiwa fedha ilitolewa kama mkopo kwa sharti la kurudishiwa kahawa yenye thamani zaidi, hiyo ni riba.

Njia ya halali

Sharia haikumfungia mlango mwenye shida. Watu wa Madiynah walikuwa wakilipana kabla kwa tende za mwaka mmoja au miwili, Mtume akawaelekeza wafanye kwa kipimo maalumu, uzani maalumu na muda maalumu. Hii ndiyo bay'u as-salam. Bei hulipwa yote siku ya mkataba, sifa za bidhaa hubainishwa, na muuzaji hudaiwa uzani, si matunda ya miti fulani. Andikeni na mshuhudishe, kama ilivyoamrishwa katika Suratul-Baqarah, Aayah 282.

Kujiandaa kabla ya dhiki

1. Akiba iwekwe siku ya mauzo, si siku ya shida. Nabii Yuusuf ('alayhis-salaam) aliwaelekeza watu wa Misri kuhifadhi nafaka katika miaka 7 ya neema kwa ajili ya miaka 7 ya ukame. Hesabuni mapema miezi isiyo na pato, mtenge fedha yake.

2. Chakula kwanza. Mtume aliwawekea ahli zake chakula cha mwaka. Karagwe, migomba na maharage hukaa shamba moja na kahawa. Bei ikianguka, nyumba bado ina cha kupika. Nasi tusisahau muhogo na migomba yetu kwa kutazama karafuu peke yake.

3. Epukeni deni la fahari. Mtume alikuwa akijikinga kwa Allaah na deni ndani ya Swalah, akaeleza kuwa mwenye deni husema akaongopa na huahidi akavunja. Harusi ipunguzwe kabla shamba halijauzwa.

4. Mke na mume wakae pamoja na hesabu. Dhiki inayofichwa ndiyo huishia kwa mlanguzi.

5. Mwenye uwezo atoe qardhw hasan. Jirani akikopeshwa bila ya riba, hatolazimika kuuza ua la mti wake. Na akishindwa kulipa kwa wakati, apewe muhula.

Moyo nao uandaliwe. Kuweka akiba hakupingani na kutawakali; Mtume alielekeza ngamia afungwe, kisha mtu ategemee kwa Allaah. Rizki imeshaandikwa, lakini haramu haiiharakishi.

Mwenye mkataba wa aina hii na ana shaka nao, amuulize mwanachuoni kabla ya kupokea fedha.

Wallaahu A'lam.