Ndoana, mnyoo na sambaza: historia ya uvuvi wa mkono katika ziwa Kivu

Asubuhi pale Kituku, wanunuzi hukimbilia mabeseni ya sambaza. Mvuvi anayefika na kambare wawili waliotungwa kwenye kamba haulizwi sana habari. Ndoana imekuwa kazi ya watoto, ya wazee, na ya yule asiye na mtumbwi. Hata hivyo ndoana ilikuwa ndani ya ziwa Kivu kabla sambaza hajafika, na tangu vita vilipowasukuma watu kutoka Masisi na Rutshuru hadi kando ya maji, wengi wameirudia. Haiombi mtaji mkubwa: uzi wa nailoni, jiwe dogo au kipande cha risasi, na mnyoo. Lakini mtu anaweza kukaa juu ya mawe kutoka alfajiri mpaka jua la utosi bila kupata kitu, na sababu yake iko katika historia ya ziwa lenyewe.

Ziwa Kivu ni mtoto wa volkano. Zamani sana maji ya bonde hili yalielekea kaskazini, upande wa ziwa Edward na mto Nile. Milima ya Virunga ilipoinuka ikafunga njia, maji yakajaa, na mwishowe yakapata mlango wa kutokea kusini kwa mto Ruzizi kwenda Tanganyika. Ni ziwa lenye kina cha karibu mita 485, lakini samaki hawana kazi na sehemu kubwa ya kina hicho. Mtafiti Mbelgiji Hubert Damas, aliyepima maziwa ya huku mwaka 1935 na 1936, aliandika jinsi maji ya chini yalivyojitenga na ya juu na kukosa hewa. Kupita mita 60 au 70 hivi hakuna oksijeni. Kuna gesi ya kaboni na methani, ile inayozungumzwa kila siku kwa ajili ya umeme. Kwa hiyo samaki wa ndoana, yaani tilapia, kambare na wale wadogo wa mawe, wanaishi katika ukanda mwembamba kando ya ufuko. Na ufuko wa Kivu huteremka ghafla. Hatua chache kutoka mahali mtu anaposimama, tayari ni shimo.

Aina za samaki pia ni chache. Tanganyika ina mamia. Kivu ina kama thelathini tu. Katikati ya ziwa, kwenye maji ya wazi, hapakuwa na samaki aliyejua kula vile vidudu vidogo vinavyoelea. Kabla ya 1958 watu wa Idjwi na wa pwani walivua karibu na nchi kavu, kwa mitego ya kusukwa, kwa nyavu na kwa ndoana. Maji ya katikati yalikuwa njia ya mitumbwi tu.

Wabelgiji waliona katikati hiyo kama shamba lisilolimwa. Kati ya 1958 na 1960, Mbelgiji A. Collart alisimamia kazi ya kuleta vifaranga vya samaki kutoka ziwa Tanganyika, makumi ya maelfu, na kuvimwaga Kivu. Kusudi lilikuwa kuleta ndakala wa Tanganyika wa aina mbili. Aina moja ikapotea. Ile nyingine, ambayo wataalamu huita Limnothrissa miodon, ikashika, na leo ndiye sambaza. Uhuru ulikuja kabla mtu hajajua kama kazi ile imefaulu, na miaka mingi ilipita kabla ya watu kumvua kwa wingi. Mwaka 1979 mradi wa FAO ulianza upande wa pili wa mpaka, Gisenyi, na ukasaidia kueneza uvuvi wa usiku kwa taa: mitumbwi mitatu inafungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu unashushwa katikati, taa inawavuta samaki juu, wavu unainuliwa. Ndiyo maana mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa sambaza hupumzika. Taa yao haina nguvu mbele ya mwanga wa mbinguni.

Si wote walioshangilia. Mwaka 1986 mtaalamu Mbelgiji Henri Dumont aliandika kuonya kwamba sambaza amemaliza vidudu vikubwa vya majini na huenda ziwa zima likaharibika. Vidudu vile kweli vilipungua, na aina moja haikuonekana tena. Sambaza lakini hakuanguka, na amelisha Goma, Bukavu na Gisenyi katika miaka mibaya kuliko yote. Onyo lile lilikuwa la haki, hata kama mwisho wake haukuwa ule uliotabiriwa.

Kwa mtu wa ndoana, kuja kwa sambaza kulibadilisha hesabu. Sambaza hakai kwenye mawe kusubiri mnyoo. Anatembea kwa kundi kwenye maji ya wazi. Anayemtaka lazima awe na mitumbwi, taa, wavu, watu wa kuvuta, na karatasi za serikali. Mali ya ziwa ikahamia katikati, na ukanda wa pembeni ukabaki kwa wale wasio na hivyo vyote.

Kuna ziwa lingine la Afrika ya Mashariki ambako samaki mgeni aliletwa kwa sababu tofauti kabisa. Naivasha, nchini Kenya, lilikuwa na samaki mmoja mdogo tu wa asili. Mwaka 1925 ilimwagwa tilapia, na mwishoni mwa miaka hiyo ya 1920 akaletwa besi wa Marekani, yule mwenye mdomo mpana. Hakuletwa kwanza kulisha watu. Aliletwa ili walowezi wapate mchezo wa kuvua kwa fimbo. Samaki mdogo wa asili hajaonekana tena tangu miaka ya 1960. Mwaka 1970 wakaongezwa kamba wekundu wa Louisiana, besi wakawala na kunenepa. Baadaye, karibu na 2001, akaingia samaki aina ya kapu, na baada ya hapo huyo akajaza nyavu za Naivasha. Besi amebaki historia kwa sehemu kubwa.

Besi ndiye aliyezaa mnyoo wa plastiki. Mwaka 1949, mjini Akron katika jimbo la Ohio, Nick Creme na mke wake Cosma waliyeyusha plastiki laini jikoni kwao na kuimwaga kwenye kalibu iliyotengenezwa kwa umbo la mnyoo wa kweli. Kitu kile kikauzwa Marekani nzima. Vijana wa Goma wanaotazama video za uvuvi kwenye simu wamekiona: mnyoo wa rangi ya zambarau au kijani, mkia unacheza, samaki mkubwa anaruka. Swali lao ni la haki: kwa nini huku hakuna?

Kwanza tazama namna unavyofungwa, maana hapo kuna akili. Besi hukaa ndani ya majani na miti iliyozama, na ndoana iliyo wazi hunasa majani kabla ya kunasa samaki. Wavuvi wa Texas wakapata dawa. Ncha ya ndoana inachomwa kwenye kichwa cha mnyoo kwa urefu wa nusu sentimita hivi, inatolewa pembeni, ndoana inavutwa mpaka jicho lake liingie kichwani, kisha inageuzwa na ncha inarudishwa ndani ya tumbo la mnyoo bila kutokea upande wa pili. Mbele yake kwenye uzi kunakuwa risasi yenye umbo la koni inayoteleza. Mnyoo lazima unyooke kama uzi uliovutwa. Ukipinda, utazunguka majini na kusokota nailoni yote. Samaki akiuma, mvuvi anavuta kwa nguvu, ncha inatoboa plastiki na kuingia mdomoni. Wengine hutenga risasi mbali na mnyoo ili mnyoo uelee juu kidogo ya tope. Wengine huchoma ndoana katikati tu ya mnyoo, ncha mbili zikaning'inia, na kuuacha uzame polepole.

Kwenye ufuko wa Goma majani si tatizo kubwa. Tatizo ni mawe ya lava. Yana meno, yana matundu, na hula ndoana kuliko samaki wanavyokula minyoo. Kanuni ya kuficha ncha inafaa hapa vilevile, kwa mnyoo wa kweli: ndoana ndogo, mnyoo unavalishwa kama soksi kuanzia kichwani, unafunika chuma chote mpaka kwenye ncha, na kipande kifupi cha mkia kinaachwa huru kitikisike. Anayechoma mara moja katikati na kuacha pande zote mbili zikining'inia anawapa samaki wadogo chakula cha bure. Kuhusu ndoana yenyewe, namba inadanganya wageni: kwa zile za kawaida, namba ikipanda ndoana inapungua, hivyo namba 12 ni ndogo kuliko namba 6. Tilapia ana mdomo mdogo. Ndoana ya kambare haimfai.

Plastiki, hapana. Besi huwinda kwa macho na kwa kusikia mtikisiko wa maji, ndiyo maana anadanganyika. Kambare hutafuta kwa harufu na kwa ndevu zake, usiku, kwenye maji machafu. Kipande cha plastiki kwake ni jiwe. Tilapia hula mimea midogo, uchafu laini na wadudu, na mnyoo wa kweli au donge la ugali humvuta zaidi. Tena ziwa lina plastiki ya kutosha. Chupa zinazotupwa kwenye mifereji huelea mpaka Bukavu na kuziba mitambo ya umeme ya Ruzizi. Kuongeza minyoo isiyooza juu ya hizo si akili.

Wanaoijua ndoana vizuri zaidi Kivu ya Kaskazini ni watu wa ziwa Edward. Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma ndizo sehemu tatu za uvuvi zinazoruhusiwa ndani ya hifadhi ya Virunga. Ziwa lile si la kina kirefu, lina tope na chakula kingi, na huko hutegwa kamba ndefu yenye ndoana nyingi kwa ajili ya kambare na kambare mamba. Vita vilipofika huko, wavuvi waliokimbilia Goma walifika na ujuzi huo mikononi, lakini kwenye ziwa ambalo chini yake ni mawe na shimo. Kamba ndefu iliyotandazwa juu ya lava hupotea usiku wa kwanza.

Hata mnyoo wenyewe si rahisi. Mtu wa Masisi alizoea udongo mweusi ambamo jembe likiingia minyoo inatoka. Sehemu kubwa ya Goma imekaa juu ya lava, na ile ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ndani ya ziwa. Udongo ni kidogo. Minyoo hupatikana chini ya migomba, kwenye majani yaliyooza, au kwenye mabonde yenye unyevu.

Na mabonde hayo ndiyo hatari. Kando ya ziwa, kutoka magharibi ya mji kuelekea Bulengo na Sake, kuna mazuku. Ni gesi ya kaboni inayotoka ardhini. Haina rangi wala harufu, ni nzito kuliko hewa, hivyo inalala kwenye mashimo kama maji, hasa usiku na alfajiri pasipo na upepo. Anayeinama humo kuchimba minyoo anaweza kuanguka bila kupiga kelele, na anayemfuata kumwinua akaanguka pia. Wenyeji wanajua mahali pake kwa sababu ya mbuzi na ndege waliokutwa wamekufa. Aliyehamia juzi hajui. Makambi yaliyojaa upande huo kabla ya kuvunjwa mwezi wa pili 2025, baada ya M23 kuingia mjini, yalikuwa na familia nyingi za namna hiyo, na baadhi ya watu wake bado wanaishi karibu na ufuko. Minyoo ichimbwe jua likiwa limepanda na upepo unavuma, mahali palipoinuka, na mtoto asitumwe peke yake.

Inabaki hesabu ya samaki. Ukanda ule mwembamba ndipo tilapia anapotaga, na hata vifaranga vya sambaza hukulia pembeni. Vyandarua vya mbu vinavyokokotwa pale huvikusanya vyote. Upande wa Rwanda, uvuvi wa sambaza husimamishwa kila mwaka kwa karibu miezi miwili. Samaki hawajui mpaka, lakini doria zinaujua. Ndoana ina tabia yake hapo. Tilapia jike hubeba mayai na vifaranga mdomoni, na katika siku hizo huwa hali karibu kitu, kwa hiyo mnyoo ukipita mbele yake huupuuza. Chandarua hakimwulizi kama ana watoto mdomoni.