Injini ya Gari Kuukuu

Mafundi ni miongoni mwa watu waliojenga nchi hii bila ya kuacha majina yao vitabuni. Wakulima walilima, wachuuzi wakauza, walimu wakafundisha. Lakini chai ya mkulima, bidhaa ya mchuuzi na barua ya mwalimu vilifika vilikokwenda kwa sababu gari lilitembea, na gari lilitembea kwa sababu fundi alikuwapo.

Nenda Nyaramba, msomaji, katika vilima vya chai vya Nyamira. Huko, kama katika sehemu nyingi za mashambani mwa Kenya, gari kuukuu halitupwi kwa kuishiwa na nguvu. Husukumwa mpaka uani, magogo matatu ya mkaratusi husimamishwa juu yake, na injini hung'olewa ipate kufanywa upya. Kazi hiyo haina uzuri machoni pa mpita njia. Lakini ukiichunguza utaona kuwa ndani yake mna historia ndefu.

Injini ya petroli si mzaliwa wa Afrika ya Mashariki. Mjerumani Nikolaus Otto alifaulu kuunda injini ya mapigo manne mwaka 1876, na Karl Benz, Mjerumani mwenzake, akapewa hati ya uvumbuzi wa gari lake mwaka 1886. Siku hizo watu wa Gusii walisafiri kwa miguu, na mizigo ilichukuliwa kichwani na mgongoni. Miaka 10 baadaye, mwaka 1896, ujenzi wa reli ulianza Mombasa, na mwaka 1901 reli ikafika Kisumu. Mafundi wengi wa reli walitoka Bara Hindi, na magari yalipoongezeka, karakana nyingi za mijini zikawa mikononi mwa Wahindi na Wazungu.

Mwafrika aliingia katika karakana hizo kwa mlango wa nyuma. Aliajiriwa kuosha vyuma, kushika taa na kuleta spana. Serikali ya kikoloni ilifungua chuo cha ufundi Kabete mwaka 1924, lakini waliopata nafasi walikuwa wachache mno. Waliobaki walijifunza kwa macho: mwenye kushika taa huona anachokiona fundi. Kisha ikaja Vita vya Pili vya Dunia, kuanzia mwaka 1939 mpaka 1945. Jeshi lilihitaji madereva na mafundi kuliko zamani, na vijana wa Kiafrika wakafundishwa kuendesha malori na kuyatengeneza. Waliporudi makwao walileta mzigo ambao hakuna afisa wa forodha aliyeweza kuuona, yaani ujuzi.

Mwaka 1953 mashindano ya magari ya Safari yalianzishwa, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Yalikuwa mtihani mkali wa vumbi, matope na mawe. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu, na mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki katika gari la Peugeot 404. Ndugu yake mdogo, Peugeot 504, alishinda mwaka 1975 na mwaka 1978. Wananchi walitazama, wakatia maanani. Magari ya Peugeot yenye safu tatu za viti yakawa vyombo vya abiria wa safari ndefu, na 504 ikawa gari la watumishi wa serikali, wafanyabiashara na wakulima. Ufaransa iliacha kuunda 504 za kawaida mwaka 1983, lakini Kenya na Nigeria ziliendelea kuziunganisha kwa miaka mingi baada ya hapo.

Sifa za mashindano peke yake hazikutosha kulifanya gari hilo lipendwe mashambani. Ilikuwako sababu nyingine, nayo imo ndani ya injini. Katika injini nyingi, silinda zimetobolewa katika chuma kile kikubwa chenyewe. Zikilika, hapana budi zichongwe upya kwa mashine ya mjini. Katika injini ya 404 na ya 504, kila silinda ina slivu yake, yaani bomba la chuma linalozungukwa na maji, ambalo laweza kuvutwa nje na kuwekwa jingine jipya. Kwa hiyo fundi mwenye slivu na pistoni mpya, subira na mikono safi, aliweza kuihuisha injini pasipo mashine kubwa. Chuma kilichoundwa Ufaransa kikaafikiana na hali ya ua wa Nyaramba.

Sasa na tuitazame kazi yenyewe. Kwanza, betri hutolewa, maana cheche moja karibu na petroli yatosha kuteketeza gari na nyumba. Maji na oili humwagwa ndani ya vyombo. Boneti hutiwa alama penye bawaba zake kabla ya kufunguliwa, ili irudi mahali pake sawasawa. Rejeta hutolewa mapema, kwa kuwa mapezi yake ni laini na injini ikiyumba yaweza kuitoboa. Kisha hufunguliwa mipira ya maji, bomba la petroli, nyaya za umeme na bomba la moshi. Kila waya hufungiwa alama, na kila bolti hutiwa katika kopo lake. Mwanagenzi aonaye alama hizo kuwa ni kupoteza wakati, huzikumbuka kwa majuto siku ya kurudisha, abakiwapo na bolti sita asizojua kwao.

Baada ya hapo jeki huwekwa chini ya giaboksi, na bolti zinazoiunganisha na injini hulegezwa. Mnyororo wa kapi huvutwa mpaka ukaze, na viegemeo vya injini hufunguliwa. Hapa ndipo penye siri ya kazi. Injini haipandishwi moja kwa moja. Huinuliwa kidogo, ikavutwa mbele polepole, hata mtaimbo wa giaboksi uchomoke katika sahani ya klachi bila ya kubeba uzito. Mwenye pupa huipandisha kwa nguvu, akaipinda sahani, akaongeza hasara juu ya hasara. Haraka haraka haina baraka, na hapa methali hiyo hupimwa kwa fedha. Injini ina uzito unaozidi kilo 100. Kwa hiyo haifai mtu apitishe mkono wala kichwa chini yake inaponing'inia, hata kama mnyororo ni mpya.

Injini ikishatua mezani na kifuniko chake kufunguliwa, slivu zile hushikiliwa kwa vibano. Zikisogea, mihuri yake ya chini huharibika, na maji yakavuja mpaka kwenye oili. Fundi asiyejua jambo hilo moja aweza kuua injini aliyoitwa kuiponya. Tazama basi: aliyelijua alilipata wapi? Wachache walilisoma. Wengi waliambiwa na fundi mkubwa, naye aliambiwa na aliyemtangulia, mpaka kufika kwa yule aliyekuwa akishika taa.

Mafundi hao walikaa muda mrefu bila ya kuheshimiwa. Kwa kuwa walifanya kazi nje, pasipo paa, waliitwa jua kali. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi la Kimataifa juu ya Kenya iliwaambia wakuu kuwa shughuli ndogo kama hizo zilikuwa na faida kwa nchi, na hazikustahili kufukuzwa barabarani. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, na jina lililokuwa la dhihaka likaanza kuwa la fahari. Mwaka huo huo shule zilianza kufundisha kazi za mikono katika mpango wa 8-4-4. Lakini mwaka 2002 masomo mengi ya namna hiyo yalipunguzwa katika shule za msingi.

Yako magari ya zamani yanayotunzwa kwa fahari. Tangu mwaka 1970 yameshindaniwa uzuri jijini Nairobi, na tangu mwaka 2003 yamekuwa na mashindano yao ya Safari ya magari ya kale. Mtazamaji husifu rangi inayong'aa. Gari la Nyaramba halisifiwi na mtu, lakini ujuzi unaoyaendesha yote mawili ni mmoja, na ujuzi huo una hatari ya kupotea. Mzee afapo bila ya mwanagenzi, hufa pamoja na mambo kama lile la vibano vya slivu.

Kwa hiyo, msomaji, wewe uliyejaliwa kusoma na kuandika una deni. Siku utakapopata ruhusa ya kusimama karibu na fundi, chukua daftari. Andika nini hufunguliwa kwanza na nini hufuata, na uulize sababu yake. Muulize pia nani alimfundisha. Umwombe oili chafu isimwagwe mtaroni, maana mtaro huteremka mpaka mtoni, na wa bondeni huyanywa maji hayo. Wazee walinena kuwa ujuzi hauzeeki. Walinena kweli; lakini wenye ujuzi huzeeka, na kalamu ni chako.