Weka kiasi

Jumamosi moja nilikuwa nimekaa kwenye kibanda cha kinyozi, Temeke, nasubiri zamu yangu. Kijana aliyekaa kando yangu alikuwa ameinamia simu. Kwenye kioo kindege chekundu kinapanda, na namba zinazozidisha dau lake zinapanda nacho: 1.20, 1.64, 2.10. Kidole chake kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe cha kutoa pesa. Kabla hajabonyeza, kindege kikatoweka na dau lake. Hakupiga kelele, hakutukana. Alisema kwa sauti ya chini, "Ngoja nirudishe hela yangu," akaweka dau jingine.

Sentensi ile imenikaa kichwani tangu siku hiyo. Kurudisha ni kitenzi cha kitu kilichotoka mikononi lakini bado ni chako: unarudisha mbuzi aliyetoroka, unarudisha fungu ulilokopesha. Hela ile haikuwa ya kurudishwa. Ilikwisha kuwa ya kampuni ya kubeti tangu kindege kilipotoweka, na alichokuwa anafanya kijana ni kuitolea nyingine iifuate. Lakini neno "yangu" lilimzuia asione hivyo. Madaktari wa akili wanaihesabu tabia hii, ya kurudi mara kwa mara kufuata kilicholiwa, miongoni mwa dalili za uraibu wa kamari. Watu wa vijiweni wanaisema sentensi ile kila siku bila kujua kwamba wanaitaja dalili.

Na uraibu wenyewe ni neno lililosafiri. Zamani uraibu ulikuwa kitu cha kutafuna: tambuu, popoo, chokaa na tumbaku. Leo ndilo jina tulilolipa lile lisiloachika, na linafaa, kwa sababu halimtukani mtu. Mlevi wa kamari ni lawama, mraibu wa kamari ni mgonjwa. Shirika la Afya Duniani nalo linaiweka kamari iliyomshinda mtu kwenye orodha yake ya magonjwa, pamoja na maradhi mengine ya uraibu.

Kamari yenyewe tumeitoa kwenye Kiarabu, ikaja na haramu yake. Ni neno zito. Mtu hawezi kumwambia mkwewe kwamba anacheza kamari. Ndiyo maana sheria ya Tanzania ya mwaka 2003 na Bodi iliyoanzishwa kwayo vinasema "michezo ya kubahatisha". Silaumu, sheria inahitaji jina lisilohukumu. Lakini tazama kitenzi. Kubahatika ni jambo linalokupata: bahati imekuja, wewe umeipokea. Kubahatisha ni jambo unalolifanya mwenyewe. Badiliko la silabi moja, na mpokeaji amekuwa mtendaji, mtu mwenye mkono ndani ya bahati yake. Kindege hakimjui. Mchezaji anadhani amekisoma.

Neno ninalolipenda kuliko yote katika uwanja huu, na ninaloliogopa zaidi, ni mkeka. Orodha ya mechi zilizotabiriwa kwa pamoja huitwa mkeka, na mechi moja ikienda kombo, mkeka umechanika. Aliyebuni jina hili alikuwa na jicho, maana mechi zimepangwa mstari chini ya mstari kama kili zilizoshonwa pamoja. Lakini bibi yangu alisuka mikeka ya ukindu, nami najua mkeka wa kweli unavyochakaa. Ukili mmoja ukikatika, bibi aliufumua, akashona mwingine, na jioni ile ile tukaukalia. Mkeka wa kubeti hautiwi kiraka. Tuseme kila mechi uliyochagua ina nafasi 70 katika 100 za kwenda ulivyotabiri. Kwa mechi moja, hilo huonekana kama linakaribia uhakika. Panga mechi kumi za namna hiyo, zidisha, na nafasi ya mkeka mzima haifiki 3 katika 100. Jina la kitu cha nyumbani, cha kulalia na kupokelea wageni, limefunika hesabu hiyo kabisa.

Sasa njoo kwenye onyo. Matangazo ya kubeti huishia kwa maneno yanayosomwa mbio: cheza kistaarabu, miaka 18 na kuendelea. Ustaarabu ni namna mtu anavyokaa na wenzake: kusalimia, kungoja zamu, kutopandisha sauti. Yule kijana wa Temeke alicheza kistaarabu toka mwanzo hadi mwisho. Zamu yake ya kunyolewa ilipofika alinipisha kwa adabu, kwa kuwa hela ya kunyolea haikuwepo tena. Hapo ndipo istilahi hii inaponikera. Inamhimiza asiwasumbue watu, na haisemi neno lolote kuhusu mfuko wake.

Neno linalohitajika tunalo, na limo ndani ya simu hiyo hiyo. Ukitaka kutuma pesa, simu inakuambia: weka kiasi. Mchezaji anasoma shilingi ngapi. Lakini kiasi kwetu ni tabia pia: mtu wa kiasi, anayekula kwa kiasi, anayejua pa kuishia. Kiasi cha namna hii hakiwekwi kindege kikiwa hewani. Huwekwa mapema, siku isiyo na mechi, kutoka kwenye hela ambayo ikipotea yote, kodi italipwa na watoto watakula. Huwekwa kwa shilingi na kwa saa, kisha kinaandikwa. Mkopo haumo.

Baadhi ya kampuni zina sehemu ya kujiwekea ukomo wa siku au wa wiki, na nyingine humfungia akaunti mchezaji anayeomba mwenyewe. Hatua hiyo ya pili ningependa tuiite kujipiga marufuku. Marufuku tumezoea kupigwa na serikali au na baba, na ile "ji" inaweka amri mikononi mwa yule yule inayemhusu.

Basi ukimsikia ndugu yako akisema "ngoja nirudishe hela yangu", usimwite mcheza kamari. Kaa naye, umuulize ni kiasi gani alichokipanga kabla ya kuifungua simu. Kama hakupanga, mwombe akupe simu umshikie hadi kesho.