Nyigu Asiyeuzika: Udhibiti wa Kibayolojia na Mkulima wa Kaptagat

Mwaka 1990 kidukari wa saipresi alibainika nchini Kenya, miaka minne baada ya kuonekana Malawi. Katika msitu wa Kaptagat, kwenye nyanda za juu, uliopandwa saipresi na misonobari kwa wingi, hakuna bomba la dawa ambalo lingefika vileleni mwa miti yote hiyo. Tegemeo likawa nyigu mdogo kutoka Ulaya, Pauesia juniperorum, ambaye hutaga ndani ya kidukari na buu lake likamla kutoka humo humo. Aliachiliwa Malawi mwaka 1994, na Kenya katika mwongo huohuo. Gharama ilikuwa ya serikali na wafadhili; mwenye shamba hakuuziwa chochote.

Naanza na kisa hiki kwa kuwa mjadala wa leo kuhusu udhibiti wa kibayolojia, yaani kutumia viumbe hai dhidi ya wadudu waharibifu, umeelemea mno upande wa biashara. Biashara hiyo imezaa matunda, sikatai. Kampuni ya Real IPM ya Thika iliweka sokoni kuvu wa kuua wadudu, Metarhizium anisopliae, aina ya ICIPE 69, na wakulima wa waridi huwatumia utitiri Phytoseiulus persimilis kuwala utitiri wekundu. Lakini tuulize anayelipa ni nani. Ni msafirishaji wa maua na mishiri, ambaye mnunuzi wake Ulaya hupima masalia ya kemikali. Mkulima wa Kaptagat huuza mahindi kwa gunia na viazi kwa gunia. Hapimiwi masalia, wala halipwi zaidi kwa kuyaepuka.

Zaidi ya soko, kuna suala la mahali. Kiwavi anayemtobolea mkulima huyu mabua ya mahindi huku juu ni Busseola fusca. Mwaka 1993 taasisi ya utafiti wa wadudu, ICIPE, iliachilia pwani nyigu Cotesia flavipes, aliyetoka Pakistan, apambane na Chilo partellus, mgeni mwenzake kutoka Asia. Nyigu huyo alistawi. Ila akitaga ndani ya Busseola, chembe za kinga za kiwavi huyazingira mayai na kuyaua. La kushangaza zaidi ni la ndugu yake mwenyeji, Cotesia sesamiae: yule wa pwani hushindwa vivyo hivyo, ilhali yule wa Kitale, kwenye nyanda za juu, huzaana vizuri, kwani virusi anavyoviingiza pamoja na mayai huilaza kinga hiyo. Ni spishi ileile, nchi ileile.

Basi ushahidi wa Thika au wa pwani haumtoshi mtu wa mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Hata kuvu wa chupani hukua vyema kwenye nyuzijoto 25 hadi 30, na usiku wa Kaptagat hauzikaribii kabisa. Bodi ya kudhibiti viuatilifu, PCPB, idai majaribio ya nyanda za juu kabla ya lebo kuahidi kinga ya zao la huko.

Kuhusu nyigu wa aina hii, soko halitamfuga. Akishaachiliwa huzaliana na kuvuka ua hadi kwa jirani asiyelipa. Mfanyabiashara hapati mauzo ya pili. Sifa hiyo inayomfukuza mwekezaji ndiyo inayomfaa mkulima mdogo, na ndiyo sababu kazi hii ni ya umma. Kaunti za Uasin Gishu na Elgeyo Marakwet, pamoja na shirika la utafiti wa kilimo, KALRO, zitenge fedha za kumfuga na kumsambaza nyigu wa Kitale.